Dawa ya Majani na Maji ya Bondeni
Kijitabu kwa wakaaji wa Butembo na Beni

Saa moja na nusu asubuhi ukungu bado umelala juu ya mafunjo. Kijana mwenye pompi ya mgongoni amemaliza kupiga dawa ya majani, ile ya kuua magugu, ukingoni mwa shamba la magimbi. Anateremka mtoni, anafungua tangi, anachota maji, anatikisa, anamwaga. Anarudia mara tatu, kama alivyofundishwa. Povu jeupe linazunguka kwenye jiwe, halafu linaondoka na mkondo. Hatua hamsini chini yake kuna mama aliyeinama, anaosha karoti za kupeleka soko. Wameshasalimiana. Hakuna mwenye ugomvi na mwenzake.

Kijitabu hiki kinahusu lile povu.

Mji uliojengwa juu ya vilima

Butembo ni mji wa vilima, na kila kinachomwagika mlimani kina njia moja tu, ya kuteremka. Nyumba ziko juu, bonde liko chini, na bondeni ndiko kulikojaa kazi zote: mboga, magimbi, mabwawa ya samaki, mashimo ya matofali, kufua nguo, kuosha pikipiki. Mto Kimemi unapita katikati ya mji ukikusanya vijito vya pande zote. Beni kuna joto zaidi na miteremko si mikali vile, lakini mambo ni yale yale. Bonde la mjini ni shamba la mtu, na pia ni kisima cha mwingine.

Mabomba hayafiki kila nyumba. Watoto wengi bado wanateremka na bidoni za njano hadi kwenye chanzo kilichojengewa saruji na mdomo wa chuma. Maji ya chanzo yanaonekana safi kwa sababu yamechujwa na udongo wa mlima. Sasa jiulize nani analima juu ya chanzo hicho, na anapalilia kwa jembe au kwa pompi.

Kinamasi nacho hudharauliwa. Watu hukiona kama kiwanja kilichochelewa kukauka. Lakini mafunjo na matete ndiyo chujio la mji: hupunguza mwendo wa maji, hushika tope, na vijidudu vinavyoishi kwenye mizizi huvunja sehemu ya uchafu kabla haujafika mtoni. Anayeua matete ya ukingoni ili apate mistari miwili zaidi ya kabichi ameweka sumu mahali pale, na papo hapo ametoboa chujio.

Mwenye pompi naye ana yake

Hatuandiki haya ili wakulima wazomewe. Dawa ya majani haikupendwa bure. Kupalilia shamba kwa jembe kunachukua siku nyingi, na vibarua wanalipwa kwa siku. Kwa pompi ni asubuhi moja. Upande wa Beni kuna sababu nyingine ambayo watu wa miji mikubwa hawaijui: tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014, kukaa shambani siku nzima ni kuhatarisha roho. Mwenye kakao anayeingia shambani saa mbili na kutoka saa nne akiwa amemaliza kazi, huwezi kumwambia tu "tumia jembe" ukaondoka. Unapaswa kumwambia wapi apige na wapi asipige.

Kosa kubwa liko kwenye biashara. Chupa nyingi zinaingia kutoka Uganda kupitia Kasindi, maelezo yake yameandikwa kwa Kiingereza, na mnunuzi wetu anasoma Kifaransa au Kiswahili, kama anasoma. Dukani dawa inagawanywa kwenye vichupa vya maji na vya soda, bila jina wala kipimo. Mteja anaambiwa "kifuniko kimoja kwa pompi moja". Kifuniko cha nini, hajui.

Dawa zenyewe

Tukizitaja kwa tabia zake utazitambua hata kama karatasi imebanduka.

Glifosati ndiyo inayouzwa sana. Majani hayaonyeshi kitu siku za kwanza, halafu yanageuka njano polepole, wiki moja au mbili, hadi kwenye mizizi. Inashika sana kwenye udongo, na hapo ndipo wauzaji wanaposema haifiki kwenye maji. Hilo lingekuwa kweli kama udongo wetu ungekaa mahali pake. Tazama Kimemi baada ya mvua ya alasiri, ulivyo mwekundu kama chai ya maziwa: huo ni udongo wa mashamba unaosafiri, na dawa imepanda juu yake. Zaidi ya hayo, chupani kuna sabuni inayosaidia dawa kushika kwenye jani, na baadhi ya sabuni hizo hudhuru viluwiluwi na matamvua ya samaki kuliko glifosati yenyewe. Kuhusu mwanadamu, mwezi wa Machi 2015 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa liliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinaleta saratani. Mwaka huo huo mamlaka ya chakula ya Ulaya ikasema haioni hivyo. Wataalamu bado wanabishana. Sisi tunasema tu kwamba jambo linalobishaniwa halifai kuwa kwenye bidoni ya mtoto.

2,4-D inaua majani mapana na kuacha nyasi, ndiyo maana inapendwa kwenye mahindi. Ina harufu kali. Maharagwe, nyanya na viazi vikiguswa nayo, hata kwa kiasi kidogo kilichobaki kwenye tangi, majani machanga yanajikunja kama vidole vya mtu mwenye baridi. Kama uliazima pompi ya jirani ukapiga dawa ya wadudu kwenye nyanya, na siku chache baadaye nyanya zikajipinda, usianze kutafuta mchawi.

Atrazini nayo ni ya mahindi, na kwa maji ya ardhini ndiyo tunayoiogopa zaidi. Haishiki sana kwenye udongo. Inazama na mvua na inaweza kuibukia kwenye chanzo. Umoja wa Ulaya uliiondoa sokoni mwaka 2004, sababu kubwa ikiwa kuonekana kwake kwenye maji ya ardhini. Mwaka 2002 Tyrone Hayes, mtafiti wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley, alichapisha matokeo kwamba vyura dume waliokulia kwenye maji yenye atrazini kidogo sana waliota viungo vya kike. Kampuni inayoitengeneza ilimpinga vikali, na mabishano yale hayakuisha.

Parakwati inaunguza majani siku hiyo hiyo jua likiwaka. Mara nyingi hutiwa rangi ya kijani au buluu na harufu mbaya ili mtu asiinywe kwa kukosea. Funda moja linaweza kuua, na dawa ya kuiponya haijapatikana. Imepigwa marufuku kwenye nchi za Umoja wa Ulaya tangu 2007, ingawa Uingereza iliendelea kuitengeneza huko Huddersfield na kuiuza nje. Mtu akiimeza, usingoje aone maumivu, wala usimtapishe kwa maji ya chumvi. Mpeleke hospitali mara moja, na chupa uibebe.

Moto na klorini

Hapa ndipo tunaomba usome taratibu, maana yale tuliyoyazoea yanatudanganya. Miaka ya Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, Butembo na Beni zilijifunza klorini kuliko mji wowote. Kila mlango ulikuwa na ndoo ya kunawa, na watu wa pompi walipita nyumba hadi nyumba. Kabla ya hapo kipindupindu kilikuwa kimetufundisha kuchemsha. Mafunzo yote mawili ni mazuri, wala msiyaache. Lakini yalilenga vijidudu, yaani vitu vyenye uhai vinavyokufa.

Dawa ya majani haina uhai wa kuuawa. Ukichemsha maji yenye dawa, maji yanaondoka kama mvuke na dawa inabaki sufuriani, sasa ikiwa imekolea zaidi kidogo. Klorini inaweza kuvunja glifosati kiasi fulani, lakini huwezi kujua imevunja kiasi gani, na kwa atrazini au 2,4-D usiitegemee. Kuchuja kwa kitambaa kunatoa tope, na dawa iliyoshika tope hilo, lakini si ile iliyoyeyuka. Makaa ya jikoni si ile kaboni ya mitambo ya kusafisha maji. Kuonja na kunusa hakusaidii: kiasi kinachotutia wasiwasi hakina ladha.

Chukua kijiko kimoja cha chai cha glifosati ile ya gramu 360 kwa lita. Ndani yake kuna karibu gramu 1.8 za dawa yenyewe. Ulaya hairuhusu zaidi ya sehemu moja ya kumi ya mikrogramu ya dawa yoyote ya shamba katika lita moja ya maji ya kunywa. Kwa kipimo hicho, kijiko kile kinatosha kufikisha kwenye mpaka bidoni 900 000 za lita 20. Utasema Wazungu wanazidisha, na kweli kipimo hicho ni cha tahadhari, si mpaka wa kuugua. Basi tushike cha Shirika la Afya Duniani kwa 2,4-D, mikrogramu 30 kwa lita, ambacho ni kilegevu zaidi. Kijiko cha 2,4-D yenye gramu 720 kwa lita bado kinafikisha kwenye mpaka bidoni 6 000. Ndiyo maana suuza moja ya tangi mtoni si jambo dogo. Nyumbani hatuna chombo cha kuitoa. Lazima izuiwe kabla haijagusa maji.

Ziwani walifanyaje

Miaka ya 1990 gugumaji lilifunika bandari na fukwe za Ziwa Viktoria; mitumbwi ilishindwa kutoka. Wengine walitaka lipigwe 2,4-D au glifosati kutoka juu. Wengine wakauliza nani atanunua samaki wa ziwa lililopigwa sumu, na mimea yote ile ikifa kwa mara moja na kuoza, samaki watapata wapi hewa? Swali hilo la pili linahusu kila bwawa la Butembo: mimea iliyokufa majini hula hewa ya maji inapooza, na asubuhi unakuta samaki wako juu wanahema. Uganda ilianza kuachia mbawakavu wanaokula gugumaji mwaka 1995, Kenya ikafuata 1997. Walitafuna kimyakimya. Kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya gugumaji ilikuwa imezama. Wenye haraka hawakufurahi katikati ya safari, na gugumaji limewahi kurudi tangu hapo, lakini ziwa zima halikupigwa sumu.

Bondeni kwetu kazi hiyo ya mbawakavu inafanywa na panga.

Tunachoomba

Kwanza, ukanda. Kutoka ukingo wa maji panda hatua ishirini, na hapo usipige dawa yoyote, hata kama ni shamba lako. Acha nyasi, matete au majani ya tembo ya kukatia mbuzi. Ukanda huo unashika tope la juu. Kwenye chanzo cha kunywa hatua ishirini hazitoshi: upande wote wa mlima ulio juu yake uachwe bila dawa, na kamati ya chanzo ikubaliane na wenye mashamba hayo kabla msimu haujaanza, si baada ya ugomvi.

Pompi isishuke mtoni. Chota maji kwa bidoni safi, yapandishe shambani, changanya huko. Ukimaliza, suuza tangi mara tatu kwa maji kidogo na yapige hayo hayo juu ya shamba ulilolipiga. Chupa tupu nayo suuza mara tatu, mimina ndani ya pompi, kisha itoboe kwa msumari ili asiwepo mtu wa kuiwekea mafuta ya mawese. Usiichome, moshi wake ni sumu. Pompi ya dawa ya majani iwe na alama ya rangi na isifanye kazi nyingine, hata ya klorini.

Mvua yetu hupenda kuja alasiri. Glifosati inahitaji karibu saa sita bila mvua ili ifanye kazi, kwa hiyo anayeipiga mchana wingu likiwa limeshajikusanya ametupa franka zake na ametuletea sisi dawa. Upepo ukitikisa majani ya ndizi, rudi nyumbani.

Kwa kakao, miaka ya mwanzo ndiyo migumu. Panda migomba na maharagwe katikati, tandaza majani makavu; miti ikishafunga kivuli, magugu yanapungua yenyewe na panga linatosha. Kwa mboga za bondeni hatuoni sababu ya dawa ya majani hata kidogo: vitalu ni vidogo, na mboga zenyewe huoshwa kwenye mfereji ule ule.

Sheria zipo. Ya mazingira ni namba 11/009 ya 9 Julai 2011, na ya maji ni namba 15/026 ya 31 Desemba 2015. Zote mbili zinalinda maji yasichafuliwe. Zitaje kwenye mkutano wa kartiye. Lakini usizitegemee kukulindia chanzo asubuhi ya kesho.

Siku ya salongo, ile ya kazi ya pamoja, wanaosafisha mifereji na kando ya barabara wapewe panga na makoleo. Mfereji uliopigwa dawa ni bomba linaloelekea moja kwa moja mtoni.

Na ukikuta samaki au viluwiluwi wamekufa kwa mkumbo, au ukanda wa majani ulioungua kando ya maji, usiwaokote samaki hao kula wala kuuza. Andika siku, saa, na kama mvua ilinyesha jana yake. Piga picha, na chupa kama ipo ichukue kwa mfuko wa plastiki mkononi. Waambie kwanza walio chini ya mkondo wasichote, watu wa avenyu ya chini na ya chini yake tena, halafu ndipo uende kwa chefu wa kartiye.