Rangi ya Mafuta Haitaki Haraka

Kila mtu aliyepata kupaka mlango rangi ya mafuta ajua jambo hili: akipaka rangi ya pili kabla ya ile ya kwanza kukauka, kazi yake hukunjamana au hupasuka. Mchoraji wa picha naye hatawaliwi na sheria nyingine.

Rangi ya mchoraji ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta ya mbegu za kitani. Mafuta hayo hayakauki kama maji yapaavyo juani. Huvuta oksijeni iliyo hewani, na polepole hugeuka kuwa utando mgumu. Rangi yenye mafuta mengi hukawia kukauka. Ikiwa chini ya rangi iliyokwisha kukauka, huendelea kujongea, na ile ya juu hupasuka. Kwa hiyo kanuni ni hii: rangi ya chini iwe na mafuta machache, na kila inayofuata iyazidishe.

Tumtazame Sir Joshua Reynolds, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1723, ambaye mwaka 1768 alikuwa rais wa kwanza wa Royal Academy mjini London. Watu wakubwa walimwendea awachore. Yeye alivutiwa mno na mng'ao wa picha za kale za Venice, akautafuta kwa kila njia. Akatia nta katika rangi, na ulimbo wa miti, hata lami, ambayo haikauki kabisa. Kwa mashavu alitumia wekundu upatikanao kwa wadudu, mzuri sana, lakini usiostahimili mwanga. Matokeo yake, nyuso nyingi zilipauka na picha nyingine zikapasuka yeye angali hai, na waliozilipia wakanung'unika. Alifariki mwaka 1792.

Tusimcheke, kwa maana alikuwa mtu wa bidii, naye aliandika daftarini michanganyiko yake. Mwaka 2015 jumba la Wallace Collection, London, lilionyesha majaribio yake hayo kwa watu wote. Kujaribu hakukuwa kosa. Kosa ni kwamba alijaribia katika picha za wateja wake.

Mchoraji atakaye kujaribu mafuta au ulimbo mpya na afanye hivi:

1. Achukue kibao kisicho na kazi, aandike nyuma yake tarehe na vipimo vyote.

2. Abadili kitu kimoja tu kila mara. Akibadili viwili, hatajua ni kipi kilicholeta madhara.

3. Afunike nusu ya kibao kwa karatasi nene, akiweke dirishani penye jua kwa miezi kadhaa, kisha alinganishe nusu mbili hizo.

4. Asipake vanishi mapema. Picha ya mafuta hungojewa miezi sita hata mwaka mzima.

5. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani asivirundike, kwa kuwa vyaweza kushika moto vyenyewe. Avitandaze nje vikauke, au avitie katika kopo la maji lenye kifuniko.

Mtu aagizaye picha ya mzazi wake ataka wajukuu nao waujue uso ule. Kibao kikiharibika, hasara ni ya kibao. Uso ule ukipauka, hakuna fedha itakayourudisha.