Sukari na Uchovu wa Moyo: Somo la Vikundi

Somo letu ni juu ya watu wazima wanaoishi na ugonjwa wa sukari. Hatutasema mengi juu ya vyakula na vidonge, maana hayo mnafundishwa kliniki. Tutasema juu ya moyo wa mgonjwa, kwa sababu sisi tunaotembelea nyumba tunaona hapo ndipo wengi wanakwama.

Lengo: Mwisho wa somo kila mwanachama aweze kutofautisha uvivu na uchovu wa moyo, ajue maswali mawili ya kumwuliza mwenzake, na ajue ni wakati gani wa kumpeleka hospitali.
Muda: Saa moja na nusu.

KISA CHA KUIGIZA

Wanachama wawili waigize kisa hiki mbele ya wengine.

MWENYEKITI: Mzee, huu ni mkutano wa tatu hujaonekana. Kuna nini?
MZEE: Aa, kazi za shamba tu, mama.
MWENYEKITI: Na kliniki ulienda?
MZEE: Nikafanye nini? Nikifika, kipimo kinasoma 18, nagombezwa mbele ya watu kama mtoto. Nyumbani mama watoto anahesabu kila tonge la ugali. Watoto nao wanasema, "Baba, unataka kujiua." Mimi nimechoka.
MWENYEKITI: Lakini Mzee, si ukaze roho tu? Wengine wana sukari na wanaishi vizuri.
MZEE: (Anavaa kofia yake) Haya mama, nimesikia.

Maswali: Shida ya Mzee ni nini hasa? Maneno ya mwenyekiti yalimsaidia ama yalimfunga mdomo? Wewe ungemwambia nini? Kiongozi awape watu dakika 20 na asiwajibie.

TUJIFUNZE

Malaria inakuja, unatibiwa, inaenda. Sukari haiendi. Mtu anayejidunga sindano mara mbili kwa siku anajidunga mara 730 kwa mwaka. Hakuna Jumapili, hakuna Krismasi, hakuna siku ya matanga ambayo mwili unamwambia, "Leo pumzika." Juu ya hapo anafikiria chakula, nauli ya kliniki, na kidonda kidogo cha mguu. Basi si ajabu siku moja aseme, "Liwalo na liwe."

Mwaka 1995 mtaalamu wa Marekani, William Polonsky, na wenzake walitoa karatasi ya maswali 20 ya kupima uchovu huo. Mwaka 2005 yeye na wengine walitoa maswali mapya, na wakaugawa mzigo wa mgonjwa katika mafungu manne:

1. Ugonjwa wenyewe. Anaogopa kukatwa mguu, kupofuka, ama figo kuharibika.
2. Masharti. Anaona kila siku anashindwa: dawa, chakula, mazoezi, kupima.
3. Wahudumu. Anaona daktari ama muuguzi hamsikilizi, anamgombeza tu.
4. Watu wa karibu. Wanamchunga kama askari, ama hawamjali kabisa.

Rudini kwa kisa chetu. Ni mizigo gani kati ya hiyo minne aliyobeba Mzee?

Uchovu huu si wazimu, na si uvivu. Lakini ukiachwa unaharibu hata mwili. Mtu mwenye wasiwasi mwingi, mwili wake hutoa kemikali zinazolifanya ini lifungulie sukari kwenye damu. Pia aliyekata tamaa huruka dawa. Sukari inapanda, anagombezwa, anakata tamaa zaidi. Ni kama ng'ombe aliyefungwa kwa kigingi: kila akizunguka, kamba inazidi kuwa fupi. Kumgombeza ni kumzungusha tena.

Angalieni hapa. Mgonjwa akibadilika ghafla, akawa na hasira bila sababu, anatetemeka, anatoka jasho, anachanganya maneno, huenda sukari yake imeshuka mno, yaani chini ya 4. Hapo msianze mazungumzo. Kama anaweza kumeza, mpeni vijiko vitatu vya chai vya sukari kwa maji. Baada ya dakika 15, kama hajapata nafuu, rudieni. Kama amezirai, msitie kitu mdomoni, mkimbizeni hospitali.

MASWALI MAWILI

Si lazima uwe daktari ndipo umsaidie mwenzako. Huko Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina nyanya wa mitaa ya Harare kuketi kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasikiliza watu wenye mawazo mengi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliosikilizwa na nyanya hao walipata nafuu kuliko waliopata huduma ya kawaida. Nyanya hao walifundishwa kazi hiyo, lakini kuketi na kusikiliza tunaweza kuanza sisi wenyewe.

Mkiwa wawili, mahali pa siri, mwulize:

- Mwezi huu uliopita, umeona mambo ya sukari yamekulemea?
- Umeona kama unashindwa mara kwa mara kufuata masharti?

Akisema ndiyo, usikimbilie kutoa mashauri. Mwulize, "Gani linakulemea zaidi?" Kisha nyamaza usikie. Mwisho chagueni jambo moja tu, dogo, la kuanza nalo wiki hii. Atakayokuambia yasifike sokoni.

KIKUNDI KIFANYE NINI?

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Usufi ni mwepesi, na mzigo wa mtu mwingine tunauona mwepesi hivyo. Hapa kuna njia za kushika upande mmoja wa mzigo huo:

Chai ya mkutano. Pikeni bila sukari, sukari iwe pembeni, kila mtu ajiwekee. Pamoja na mandazi wekeni njugu ama mayai ya kuchemsha. Msitangaze kwamba ni kwa ajili ya fulani.

Kwenda kliniki pamoja. Wenye sukari waombe tarehe moja. Aliye na rafiki kwenye foleni hugombezwa kwa shida. Tena rafiki anaweza kumwambia muuguzi kwa heshima, "Sista, huyu dawa zilimwishia wiki mbili, hakuwa na pesa."

Mfuko mdogo. Kwenye mzunguko wenu, tengeni kiasi cha kumkopesha mgonjwa bila riba kwa dawa ama vipande vya kupimia damu. Wengi wanaoitwa wakaidi wamekosa pesa tu.

Familia. Mama ama baba wa nyumba amwulize mgonjwa, "Unataka nikusaidie kwa lipi, na lipi nikuachie mwenyewe?" Nyumba nzima ikila sukuma, maharagwe na ugali wa kiasi, hatakuwa na sahani ya adhabu peke yake.

Maneno. Acheni "umejiletea" na "umerogwa". Anayesema mgonjwa aache sindano kwa sababu ameombewa, mkatazeni. Maombi na dawa havigombani.

WAKATI WA KUMPELEKA HOSPITALI

Uchovu wa moyo ni tofauti na sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito, ingawa mtu anaweza kuwa na yote mawili. Mwenye sukari hupatwa na sonona karibu mara mbili kuliko asiye nayo. Kama kwa wiki mbili ana huzuni karibu kila siku, hafurahii chochote, halali vizuri ama analala mchana kutwa, na anajiona hana maana, mpelekeni hospitali. Sonona inatibika, na akitibiwa anapata nguvu ya kushika masharti tena.

Akisema afadhali afe, msicheke wala msimkemee. Mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua; swali hilo halimtii wazo hilo kichwani. Asiachwe peke yake. Dawa za shamba na akiba ya sindano zishikwe na mtu mwingine, lakini dozi yake aendelee kupewa kwa wakati. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Zamani watu walificha kwa kuogopa polisi, kwa kuwa kujaribu kujiua kulikuwa kosa kwa sheria ya Kenya. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinapingana na Katiba. Kwa hivyo msifiche.

KAZI YA MWEZI

1. Igizeni kisa tena, safari hii mwenyekiti atumie yale maswali mawili. Mzee amejibu nini?
2. Chagueni njia moja kati ya zile za kikundi. Andikeni kwenye kitabu cha mkutano nani atafanya na lini.
3. Kila mwanachama amtembelee mwenye sukari mmoja. Asiende kumkagua. Amsaidie kupalilia mistari miwili, na wakiwa huko shambani amsikilize.