SOMO LA KIKUNDI: KUTEMBEA NJE KWA FIMBO NYEUPE

Hebu tuulizane: je, kijijini kwetu yuko asiyeona anayebaki nyumbani siku ya mkutano kwa kukosa wa kumshika mkono? Mara nyingi miguu yake ni mizima. Ni vile hajafundishwa, na njia zetu zina mashimo tuliyoyachimba sisi wenyewe.

Fimbo nyeupe si mkongojo wa kuegemea. Kazi yake ni mbili: kupima njia, na kuwajulisha madereva na wapita njia. Siku yake huadhimishwa kila tarehe 15 Oktoba.

1. Kipimo. Mtu asimame wima. Kwa kawaida fimbo hufika kwenye mfupa wa kifua. Mwenye hatua ndefu huhitaji ndefu zaidi. Ikiwa fupi mno, atajua kuna shimo akiwa tayari ameingia!

2. Hatua. Mkono ukae mbele ya kitovu. Ncha iende kushoto na kulia, ipite upana wa mabega kidogo tu. Mguu wa kulia ukienda mbele, ncha iguse kushoto. Mguu wa kushoto ukienda, iguse kulia. Hivyo ncha hupima pale mguu unaofuata utakapokanyaga.

3. Alama za njia. Afuate ukingo wa majani, ua au mtaro. Ajifunze pia mlio wa mashine ya kusaga, harufu ya mandazi hotelini, na mteremko wa kuelekea mtoni. Mvua ikipiga mabati hufunika sauti, basi afadhali angoje.

4. Kuvuka barabara. Asivuke penye kona wala karibu na injini inayonguruma. Asimame ukingoni, asikilize. Hapa Kenya magari hupita kushoto, kwa hiyo ya upande wa karibu hutokea kulia kwake. Baiskeli haina mlio. Akiwa na shaka, aombe msaada. Kuomba si aibu.

5. Hatari ya juu. Fimbo hupima chini tu. Waya wa nguo, tawi lililoinama na mbao zilizotokeza nyuma ya lori havigusi. Humpiga mtu usoni.

Wewe unayesaidia, usimvute wala usishike fimbo yake. Jitaje jina, uliza kama anataka msaada, kisha mpe kiwiko akishike, atembee nusu hatua nyuma yako.

Mazoezi yaanzie njia fupi anayoijua, pamoja na mwalimu aliyesomea kazi hii. Mnaweza kuulizia Kenya Society for the Blind, iliyoanzishwa mwaka 1956.

Maswali ya kujadiliana

1. Toka kwake hadi mahali petu pa mkutano kuna mashimo mangapi yaliyo wazi? Ni ya nani?
2. Nani atakata matawi na kupandisha waya wa nguo, na lini?
3. Je, tumemuuliza mwenyewe anataka kwenda wapi kwanza?