Mkanda wa Ndege si wa Gari

Agosti 2019 ndege ndogo ilianguka uwanja wa Mafia, pale Kilindoni, ikiruka kuelekea Dar es Salaam. Iliteketea, waliokuwemo walitoka hai. Kutoka huko ndiko ninakotaka tukuzungumzie.

Videge vingi vya Kilindoni ni Caravan: injini moja puani, mhudumu hamna. Maelezo ya usalama rubani huyatoa kwa kugeuza shingo, abiria wako kwenye simu zao.

Anzia kwenye mizani. Wako wanaompa jamaa kifurushi cha pweza mkavu awashikie hadi wamalize kupimwa, kisha wanakichukua. Kilo hizo rubani hazijui, na uzito hudai haki yake wakati wa kuruka.

Ukishaketi, funga mkanda na kuufungua mara tatu bila kuutazama. Wa gari una kitufe cha kubonyeza. Huu una kibati cha kuinua. Mtu aliyeshikwa na hofu hubonyeza tu, kidole gumba kinatafuta kitufe kisichokuwepo. Mkanda ukae kwenye nyonga, si tumboni.

Mlango wa abiria uko nyuma kulia, vipande viwili: cha juu huinuka, cha chini hushuka na ngazi. Hesabu viti kutoka chako hadi hapo kwa kuvigusa, maana kwenye moshi macho hayana kazi. Mbele ipo milango ya rubani, ila pangaboi nalo liko huko.

Injini ikizimika juu ya minazi, usimlaumu rubani asipogeuza kurudi uwanjani. Kugeuza ukiwa chini na mwendo umepungua ndiko kunakoangusha ndege. Hufunzwa kushuka mbele, penye uwazi, hata majini. Wewe kaza mkanda, inama, nyayo zote sakafuni.

Mkishukia majini, jaketi la kujiokolea livae lakini usilijaze ukiwa ndani. Novemba 1996 ndege ya Ethiopia iliyotekwa iliishiwa mafuta ikaanguka majini karibu na Ngazija; kati ya watu 175 walikufa 125. Wamo waliojaza majaketi mapema: maji yalipoingia yakawainua hadi darini, mlango wakauacha chini yao.

Nchi kavu, ndege ikisimama, begi liache, hata lenye pasipoti. Ukibeba begi, aliye nyuma yako ndiye anayechelewa. Ukitoka, kimbia kuelekea unakotoka upepo. Agosti ni kusi: moshi unakwenda kaskazini, wewe shika kusini. Ukibabaika, tazama mfuko wa upepo kando ya njia ya kurukia. Mkifika mbali, hesabianeni. Hata kama huna mchubuko, kubali kupelekwa hospitali. Maumivu ya ndani huchelewa kujitokeza. Na simu ya kumwambia mama uko salama ipige ukiwa huko mbali, si pembeni ya bawa: mafuta ya Caravan yako mabawani.