Balbu ya Vifaranga na Redio ya Baba Mdogo

Redio hii haikutoka kiwandani. Baba mdogo aliiunda mwenyewe mwaka 1966, akiwa kijana wa reli hapa Kisumu, ili asikie Sauti ya Kenya bila kusimama dirishani kwa watu. Bati ni la debe la mafuta, sanduku la mvule. Juzi ikaanza kukwaruza, na transfoma ikanuka. Fundi mmoja mjini alinishauri nitoe matumbo yote nitie bodi ya bluetooth. Mwingine aliniuzia kapasita mbili kubwa kwa bei ya jogoo. Nikazilehemu, ikakwaruza vilevile. Sijamsamehe.

Basi, hatua ni tano. Ya kwanza unaijua: chomoa, kisha umalize chaji iliyobaki kwenye kapasita. Volti 250 hazibishi hodi.

Ya pili: usiichomeke moja kwa moja kwenye volti 240. Umeme upitie kwanza kwenye balbu ya wati 100, iliyokatiza waya wa moto. Iwe ile ya zamani ya kuunguza vidole, LED haifai. Nilizunguka soko la Kibuye asubuhi nzima bila kuipata, mwishowe nikaazima kwa jirani wa Nyalenda anayepashia vifaranga joto. Alinipa hadi magharibi tu.

Sasa tazama balbu na saa pamoja. Ikiwaka kwa nguvu papo hapo na isififie, ishuku transfoma. Yangu ilimulika, ikafifia, nikashangilia; baada ya nusu dakika, vali zilipopata moto, ikapanda tena polepole. Hapo ujue kasoro iko upande wa volti kubwa. Nikachomoa EL84, vali ya kutoa sauti: balbu ikafifia. Kabla ya kuirudisha nikapima tundu la gridi kwenye soketi: volti 9 chanya, mahali panapotakiwa sifuri. Vali iko mkononi mwangu, kwa hiyo si yeye. Na ni Mullard, ningeitetea hata mahakamani. Mhalifu ni kijikapasita cha karatasi na nta kinachoileta sauti kwenye gridi, kilichokunywa unyevu wa ziwa miaka yote hiyo. Nikaweka cha plastiki, mikrofaradi 0.01, volti 630. Bei haifiki soda.

Ya tatu... jirani akabisha hodi. Baridi imeingia, vifaranga wanalia. Akaondoka na balbu yake. Ikabidi nichomeke hivyo hivyo. Baba mdogo akasogea hadi mlangoni.

Kiswahili kikatoka, kizito, bila mkwaruzo. Akarudi, akaketi, akaniuliza zile kapasita za bei ya jogoo zilikuwa za nini.