Kutibiwa kwa SHA Eastlands: Hatua Nane Kuanzia Nyumbani Hadi Risiti ya Mwisho

Mwongozo huu ni wa mkazi wa Eastlands, upande wa mashariki wa Nairobi, anayetaka kutibiwa kwa bima ya umma inayosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya hospitali, NHIF, Oktoba 1, 2024. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hatua ya 1 hadi ya 3 zifanye nyumbani ukiwa mzima. Ya 4 hadi ya 7 ni za kituoni. Ya 8 ni ya ukisharudi nyumbani. Wengi huanzia hatua ya 5, tena homa ikiwa imeshapanda, ndipo siku huishia kwenye benchi na nauli huenda bure.

Maneno matatu ya kushika

*Kusajiliwa*: jina na kitambulisho chako vimeingia katika orodha ya SHA. Ni bure.

*Kulipia*: mchango wako umelipwa na bima yako ya hospitali iko hai. Aliyesajiliwa si lazima awe amelipia.

*Ngazi*: daraja la kituo. Ngazi ya 2 ni zahanati, ya 3 ni kituo cha afya, ya 4 hadi ya 6 ni hospitali.

Vifaa

Kitambulisho cha taifa, simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, daftari moja dogo, kalamu, na bahasha ya risiti.

1. Sajili kila mtu wa nyumba yako.
Piga *147# na ufuate maelekezo. Mume au mke ajisajili kwanza kwa kitambulisho chake mwenyewe, kisha mmoja amwingize mwenzake kama mtegemezi. Watoto waingize kwa vyeti vyao vya kuzaliwa.
*Hakikisha:* piga *147# tena na usome orodha ya wategemezi herufi kwa herufi. Jina lililokosewa herufi moja litakusimamisha mapokezi.

2. Lipa mchango.
Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Anayepata shilingi 30,000 hukatwa 825 kwa mwezi. Asiyeajiriwa, kama mama mboga, fundi au mtu wa bodaboda, huulizwa maswali kuhusu nyumba anayoishi na hali ya familia yake, kisha hupangiwa kiasi chake. Jibu mambo yalivyo. Kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, na kwa asiyeajiriwa hulipwa kwa mwaka mzima: 3,600. Ikiwa huwezi kutoa zote kwa mkupuo, uliza kuhusu mpango wa Lipa SHA Pole Pole.
*Hakikisha:* angalia kwenye simu kama bima iko hai na inaisha lini. Andika tarehe hiyo kwenye jalada la daftari.

3. Chagua mlango wa kwanza.
Kwa kikohozi, homa ya kawaida, kuhara au kidonda, anzia ngazi ya 2 au ya 3: kwa mfano kituo cha afya cha Umoja, Jericho, Bahati, Makadara au Dandora, kile kilicho karibu nawe. Huduma za msingi katika ngazi hizi hulipiwa na serikali kupitia hazina ya afya ya msingi. Unachotakiwa ni kusajiliwa tu, hata kama hujalipia. Ukivuka moja kwa moja hadi Hospitali ya Mama Lucy Kibaki, utakuwa umeingia foleni ya hospitali inayotegemewa na Eastlands nzima, na bima yako itatakiwa iwe hai.

Dharura haifuati mpangilio huu. Mgonjwa anayetokwa damu nyingi, aliyezimia, anayepata degedege au anayeshindwa kupumua apelekwe hospitali iliyo karibu mara moja. Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.
*Hakikisha:* andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari kituo chako cha ngazi ya 3 na hospitali yako ya dharura.

4. Fika mapema na uandike saa.
Sisi husema saa moja asubuhi, lakini risiti ya kompyuta huandika 07:00. Tumia mtindo wa risiti peke yake, usichanganye. Andika saa ya kufika, kisha saa ya kuitwa katika kila kituo cha foleni: mapokezi, vipimo vya presha na joto, daktari, maabara, dirisha la dawa.
*Hakikisha:* kila foleni ina mstari wake daftarini kabla hujahamia nyingine.

5. Thibitisha bima kabla ya kumwona daktari.
Toa kitambulisho mapokezi na uweke kidole kwenye mashine ukiombwa. Ukiambiwa sistimu iko chini, andika saa, kisha uliza: nisubiri, au kuna njia nyingine ya kunithibitisha? Usitoe pesa taslimu kabla ya kujibiwa.
*Hakikisha:* mhudumu amekwambia waziwazi kwamba umepatikana kwenye mfumo.

6. Uliza gharama kabla ya kila huduma.
Maswali ni matatu, kwa mpangilio huu: Je, SHA inalipia huduma hii? Inalipa kiasi gani? Mimi nitaongeza ngapi? Mfano ni uzazi. SHA hulipa kituo shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji. Kituo kinachotoza zaidi kitataka tofauti kutoka kwako, kwa hivyo mama mjamzito aulize wakati wa kliniki, kabla uchungu haujaanza.
*Hakikisha:* jibu la swali la tatu limeandikwa kwa tarakimu, hata kama ni 0.

7. Kusanya karatasi kabla ya kutoka langoni.
Chukua risiti ya kila shilingi, majibu ya maabara, karatasi ya dawa, na barua ya rufaa ukiwa umeelekezwa ngazi ya juu. Dawa ikikosekana, omba iandikwe kwa jina lake kamili, uinunue nje na utunze risiti hiyo pia.

Ikiwa ulilazwa na bili ikabaki, zungumza na ofisi ya malipo kuhusu kulipa kidogo kidogo. Septemba 2015 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi ya akina mama waliozuiliwa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, baada ya kujifungua, kwamba kumzuilia mgonjwa kwa sababu ya deni ni kuvunja haki zake.
*Hakikisha:* hesabu karatasi zilizo ndani ya bahasha kabla ya kupanda matatu.

8. Jumlisha, kisha ripoti.
Ukurasa mmoja wa daftari langu unasomeka hivi: kufika 07:05, vipimo 07:40, daktari 09:50, maabara 11:15, dawa 12:30. Dawa moja haikuwepo: 350 nje. Nauli 100. Jumla, saa 5 na dakika 25, na shilingi 450. Subira ndefu kuliko zote ilikuwa ya kumwona daktari: saa 2 na dakika 10. Nilipolinganisha kurasa sita, Jumatatu ndiyo iliyochelewesha kila mara. Sasa jambo lisilo la haraka nalipeleka Jumatano.

Ucheleweshaji unaobaki haumo katika uwezo wa mgonjwa, na huo ndio wa kuripoti. Mpelekee msimamizi wa kituo ukurasa wako. Asipojibu, piga simu SHA, nambari 147. Ukisema tu "tulikaa sana," utapewa pole. Ukisema foleni gani, tarehe gani na dakika ngapi, itabidi mtu atoe maelezo. Mama mboga aliyejinyima hadi akatimiza 3,600 anastahili maelezo hayo.
*Hakikisha:* lalamiko lina tarehe, saa mbili (ya kufika na ya kuitwa), kiasi ulicholipa, na nakala ya risiti. Risiti yenyewe irudishe kwenye bahasha.