Cheki Itoke Daftarini, Isitoke kwa Woga

Wadogo zangu wa Rubavu, swali hili linanijia mara kwa mara kutoka kwa mabinti wanaoshika hesabu za vyama vya ushirika na maduka, pale Mbugangari na kwenye njia ya Petite Barrière. Dada, mapato na matumizi yote nimeshayaingiza kwenye kompyuta. Je, siwezi kuchapa cheki humo humo, badala ya kuijaza kwa kalamu?

Unaweza, mdogo wangu. Nitakueleza namna. Ila ukimaliza kusoma sehemu ya printa usiondoke, kwa sababu jambo kubwa zaidi liko mbele, na linamhusu hata yule asiyekuwa na kompyuta.

Najua wapo watakaoshangaa kwamba bado tunazungumzia cheki, wakati karoti, nauli na kodi ya nyumba vyote vinalipwa kwa MoMo. Cheki inaishi kwa sababu ya sahihi mbili. Simu inakaa kwenye mkoba wa mtu mmoja, na namba ya siri iko kichwani mwa huyo huyo. Cheki ya chama hailipwi mpaka wakutane mwenyekiti na mweka hazina, kila mmoja aweke sahihi yake. Kama pesa ni jasho la akina mama waliouza vitunguu, kabichi na sambaza msimu mzima, ulinzi huo haufai kutupwa kwa sababu tu simu ina haraka.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Kuchapa cheki nyumbani ni mazoea ya Marekani. Kule mwenye programu kama Quicken au QuickBooks anaweza kuagiza karatasi za cheki kwa mchapishaji wa kawaida, akazipitisha kwenye printa yake. Kwetu cheki ni ile uliyokabidhiwa na benki yako, ndani ya kitabu chake. Ule mstari wa namba ulio chini umechapwa kwa wino wenye sumaku, ili mashine ya benki isome namba ya cheki, benki na akaunti. Usijaribu kujitengenezea karatasi yako. Kazi ya printa hapa ni kujaza nafasi zilizo wazi tu: tarehe, jina la anayelipwa, kiasi kwa tarakimu na kiasi kwa maneno. Na kabla ya kuanza, pita benki uulize kama wanapokea cheki zilizojazwa kwa printa. Ni swali la dakika moja linalokuepushia kurudishwa dirishani.

Kwa programu, anayeanza bila bajeti namshauri GnuCash. Ni ya bure, ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti, na ina lugha ya Kifaransa kwa waliosoma kwa Kifaransa. Unaingiza malipo kwenye akaunti ya benki, unachagua mstari huo, kisha kwenye menyu ya faili unakuta sehemu ya kuchapa cheki. Mipangilio iliyomo imetengenezwa kwa cheki za Kimarekani, kwa hiyo usiikubali kama ilivyo. Chukua rula, pima cheki yako: tarehe iko milimita ngapi kutoka kushoto na ngapi kutoka juu, jina vivyo hivyo, kiasi vivyo hivyo. Ingiza vipimo vyako, kisha uvihifadhi ili usipime tena kila mara.

Cheki halisi usiiguse bado. Chapa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, iweke juu ya cheki, uzishike pamoja dirishani penye mwanga. Maneno yakikaa mahali pake, endelea. Yakipanda juu ya mstari, rekebisha namba ujaribu tena. Karatasi ya majaribio haina thamani, cheki ina namba inayohesabiwa. Angalia sana maneno ya kiasi. Programu hizi zilitungwa kwa lugha na pesa za wengine, zenye senti, wakati faranga yetu tunaitumia bila senti. Kama maneno hayaendi sawa, acha nafasi hiyo uijaze kwa kalamu, mara tu karatasi inapotoka, kabla mtu yeyote hajaweka sahihi. Zingatia wino pia: printa nyingi za wino wa maji huacha maandishi yanayosambaa tone likidondoka, kwa hiyo printa ya leza ni bora. Weka alama za nyota kabla na baada ya tarakimu, na mstari mahali palipobaki wazi, asije mtu akageuza 50,000 kuwa 250,000. Chora mistari miwili sambamba kwenye kona, ili cheki ilipwe kupitia akaunti ya benki tu, isibadilishwe kuwa noti na yeyote atakayeiokota. Sahihi ni za kalamu, kila mtu kwa mkono wake.

Printa ikiharibu cheki, usifute wala usiandike juu yake. Andika IMEFUTWA kwa herufi kubwa, ibaki kwenye jalada lako, na kwenye programu ubatilishe malipo hayo badala ya kuyafuta. GnuCash itakuuliza sababu, itaigeuza hesabu kuwa sifuri, lakini mstari utabaki unaonekana. Mkaguzi wa chama akifika akakuta namba 14 haipo, atauliza maswali mengi. Akiikuta imefutwa, ipo na ina sababu, atapita. Na kumbuka kwamba cheki haichukui nafasi ya risiti. Mamlaka ya mapato, RRA, inataka risiti ya kielektroniki ya EBM kwa kila ulichonunua, kwa hiyo ibanwe pamoja na nakala ya malipo siku hiyo hiyo.

Mpaka hapo mtasema, dada, kalamu ingemaliza kazi hii mapema zaidi. Kwa cheki moja, ni kweli. Faida yenyewe ni kwamba programu haichapi malipo ambayo hujayaingiza. Lazima kwanza uandike unamlipa nani, kiasi gani, kwa ajili ya nini, kutoka akaunti ipi. Daftari linatangulia, karatasi inafuata. Anayejaza kwa kalamu huahidi moyoni kwamba ataandika kitabuni jioni, na jioni mtoto analia, umeme umekatika, na kile kipande kinachobaki kitabuni kinakaa kitupu.

Hebu tupige hesabu pamoja. Simu yako inaonyesha akaunti ina faranga 1,200,000. Wiki iliyopita ulimpa muuza mifuko cheki ya 450,000, na mwenye lori cheki ya 380,000. Wote wawili hawajazipeleka benki. Leo mwenye mbegu anataka 500,000. Ukiamini simu, utamwandikia huku unatabasamu. Lakini pesa zako ni 370,000 tu; zile nyingine zina wenyewe, ni vile hawajaja kuzichukua. Yeyote kati yao atakayefika benki wa mwisho atarudishwa. Programu inakuonyesha kiasi kilichobaki baada ya cheki zote ulizotoa, na pembeni kiasi kilichokwisha pita benki. Katika GnuCash kuna safu ndogo ya R: malipo mapya yana n, yaliyopita benki unayapa c, na ukishalinganisha na taarifa ya benki ya mwezi yanakuwa y. Kila penye n ni cheki iliyoko mtaani ikibeba jina lako. Zitazame hizo kabla hujachapa nyingine.

Kwa wanaofanya biashara na Goma, neno moja. Cheki ya benki ya hapa Gisenyi inashughulikiwa ndani ya mfumo wa malipo wa Rwanda, chini ya Benki Kuu, BNR. Haivuki mpaka kama sisi tunavyovuka kwa miguu. Mwisho wa Januari 2025, waasi wa M23 walipouteka mji wa Goma na benki za kule kufunga milango, wenzetu wengi walianza kuvuka kuja huku kutafuta pesa. Kumpa mama wa namna hiyo cheki yenye mistari miwili, naye hana akaunti Rwanda, ni kumwongezea safari. Muulize kwanza anapokelea wapi, kisha mlipane kwa njia itakayomfikia.

Sasa lile jambo kubwa nililowaahidi. Linanikaa moyoni, na nitalisema wazi.

Mnaijua Banque Lambert. Haina jengo wala leseni. Ni jina tunalowaita wale wanaokopesha kwa riba kali, nyumba kwa nyumba, mtu akiwa amebanwa na ada ya shule au mzigo uliooza. Dhamana wanayoipenda kuliko shamba ni cheki. Unakopa 500,000, unaambiwa uweke sahihi kwenye cheki na kiasi kiachwe wazi, au kiandikwe kikubwa kuliko ulichopokea, na tarehe isiwekwe. "Ni kwa usalama tu, sitaipeleka." Siku unapochelewa, anaijaza anavyotaka, anaipeleka, benki inamwambia hakuna pesa. Kumbe hicho ndicho alichokuwa anakingoja. Katika sheria ya Rwanda, kutoa cheki isiyo na pesa ni kosa la jinai, lenye kifungo na faini. Deni ambalo mngeketi mkalizungumza limegeuka kesi, na sahihi ni yako. Wapo waliouza kiwanja kwa bei ya kutupa ili karatasi moja irudi mkononi.

Ndiyo maana nasisitiza mazoea ya daftari kuliko printa. Jiwekee sheria moja, na uiseme mbele ya mume wako, ndugu zako na kamati ya chama: hakuna cheki inayotoka kitabuni bila kuwa na mstari wake kwenye hesabu, wenye jina, kiasi, tarehe na sababu, na pesa zake zikiwa tayari ndani ya akaunti. Usitegemee pesa zitakazoingia kesho, wala ahadi ya mteja. Hata cheki ya tarehe ya mbele usiitoe ukidhani itangoja. Aliyenayo mkononi anaweza kuipeleka siku anayotaka. Mweka hazina, usiweke sahihi kwenye cheki tupu "kwa sababu mwenyekiti anasafiri". Mwenyekiti naye asikuachie zake. Mkianza kusainiana cheki tupu, zile sahihi mbili zimeshakuwa moja.

Kama umebanwa, kopa mahali penye karatasi unayoweza kuisoma: Umurenge SACCO ya sekta yako, benki, au kikundi cha akiba, ikimina, mnakojuana. Riba iandikwe, muda uandikwe, nakala ukae nayo.

Na wewe uliyekwisha kutoa cheki ya namna hiyo, najua unasoma huku moyo unadunda. Usijifiche. Leo hii andika ulipokea kiasi gani, lini, umeshalipa kiasi gani, na nani alishuhudia. Tunza ujumbe wa simu na kumbukumbu za MoMo zinazoonyesha malipo. Kisha nenda MAJ, ofisi ya msaada wa sheria iliyo katika kila wilaya, na Rubavu ipo. Ushauri wake ni wa bure. Nenda kabla cheki haijafikishwa benki, ukiwa bado na nafasi ya kuzungumza. Kila malipo unayofanya kuanzia sasa yapitie njia inayoacha alama, na udai karatasi ya kukiri kupokea.

Wadogo zangu, programu utajifunza kwa siku chache, na vipimo vya printa utavizoea. Kinachohitaji ujasiri ni kumtazama mtu anayekusogezea kalamu na kukuambia, "Weka sahihi tu, mengine nitajaza mwenyewe." Mjibu kwa upole na bila kupepesa macho: cheki zangu hutoka zikiwa zimejaa. Ukishamjibu hivyo, usimwombe radhi.